Mguu wa Farjallah

Kanzu ilifuliwa mara saba, moja kwa udongo, kwa kuwa mbwa koko alikuwa ameing'ang'ania kwa meno na kuilowesha mate. Farjallah, mwenye duka la vitambaa pale Shella, alikuwa mtu wa dini sana, hasa dini ilipompa mwingine kazi. Mguu, uliokwaruzwa kidogo tu, aliuosha mwenyewe. Kanzu alimrushia mkewe, Kamaria.

"Mbuzi ya nazi imenikata, kidole kinavuja damu," Kamaria alisema. "Nitaifua kesho."

"Najisi haingoji kidole."

Siku ya tatu mbwa yule alikufa akitokwa povu. Linet, muuguzi wa zahanati, akaja mbio.

"Shikamoo, mzee. Twende ukachomwe sindano."

"Ya nini?" Farjallah alipandisha kikoi. "Waona uvimbe? Waona homa?"

"Ndiyo hila yake, mzee. Kirusi cha kichaa cha mbwa kikiingia, kwanza huwaziba midomo walinzi wa mwili. Hakuna wa kupiga kelele, kwa hiyo hakuna homa, nacho kinatambaa taratibu hadi ubongoni. Siku mtu atakapoyaogopa maji, hapana dawa tena."

"Walinzi wangu si mabubu, mwanangu."

Wenzake barazani wakacheka sana. Kahawa waliyokuwa wakinywa ilikuwa yake.

Linet alirudi mara tatu, na mara tatu akafukuzwa kwa kejeli. Hata Kamaria alimsihi mumewe. "Baba Mazin, nenda. Usiku silali kwa kukufikiria."

"Nawe umekuwa daktari? Kapike."

Wiki ya saba Linet alikuja mara ya mwisho. Farjallah alikuwa akimngoja barazani, buheri wa afya, na gilasi kubwa ya maji mkononi. Aliinywa yote polepole, huku akimkodolea macho, kisha akajipangusa ndevu.

"Haya, nimeogopa?"

Linet aliinama kwa aibu. Alifurahi kwamba huenda mzee amepona, na alichukia kufurahi mbele ya mtu kama yule.

"Kamaria!" Farjallah aliita huku akicheka. "Mletee Bi Sindano maji, koo limemkauka!"

Akaita tena, kwa ukali.

Kamaria alitokea mlangoni mikono mitupu, akijishika koo.

"Aje ateke mwenyewe," alisema kwa shida. "Mimi tangu jana siwezi kuyatazama."