Televisheni Yenye Sauti Tupu

Bi Mgeni aliitua televisheni juu ya kaunta, akaichomeka kwenye umeme mwenyewe. Sauti ya mtangazaji wa mpira ikajaa dukani, lakini kioo kikabaki cheusi tii. Kando yake alisimama mumewe, Mzee Shomari, ambaye hakuwa na uwezo wa kuona tangu ujana.

Muuzaji alimtazama mzee, akatabasamu kidogo. "Mama, waranti mliyolipia, ya kubadilishiwa televisheni, ni ya iliyokufa. Hii inaongea. Na mzee haoni, picha ya nini?"

Bi Mgeni hakupandisha sauti. "Naona mimi, mwanangu. Mpira nautazama mimi, yeye namsimulia. Tangu kioo kizimike, tunakaa kama wageni ndani ya nyumba yetu. Waranti tuliyochukua ni ya picha na sauti, na leo siondoki na nusu yake."

Mzee Shomari akapapasa stuli, akaketi kama aliyefika kwake. Wateja wakaacha kuuliza bei, wakamgeukia muuzaji kusikia atajibu nini.

Muuzaji akajikuna shingo. Kisha akateremsha televisheni mpya kutoka rafuni, akaiwasha, akatafuta mechi ileile. Kijani cha uwanja kikajaa kiooni.

"Haya, niambie," akasema Mzee Shomari.

Bi Mgeni akamshika mkono, akasogea karibu na kioo.

"Kipa wetu katoka golini," akasema. "Kafika katikati ya uwanja, mpira anao mguuni, na bado anakwenda."