Kipimo cha Hasira

Sheria ya kihayawani hii! Hupewi ini jipya mpaka moyo wako uthibitike kuhimili kisu, na kipimo chake ni hasira. Kukuchokoza ni kazi ya jamaa zako.

Tatu alimtukana mumewe, Shomvi, asubuhi nzima. Shomvi alicheka tu, moyo ukidunda kivivu kwenye mashine. Tatu akamwinamia.

"Mama yako alipoomba maji, siku ile anakata roho, nilimsikia. Nikajifanya nimelala."

Shomvi alikurupuka kitandani, akamwita muuaji, akamrushia gilasi. Moyo ulikwenda mbio bila kutetereka.

"Amefaulu!" daktari akapiga makofi.

Shomvi alitweta. "Ulinidanganya tu, eti, mama Rukia?"

Tatu aliokota vipande vya gilasi bila kumtazama.

"Ini si umepata? Mengine ya nini?"