Kitabu cha Nyota

Tangu astaafu ufundi saa, Mzee Shekue alijulikana mtaa mzima kwa kusoma vitabu vya nyota. Ndiyo maana Bi Mwanahija, mjane wa nyumba ya pili, aliingia akaketi na kumwambia, "Nitazamie, kaka. Wajumbe wa posa wanakuja alasiri hii, nami sijui niwajibu nini."

Vitabu vyenyewe vilikuwa hadithi za watu wanaorukia nyota kwa merikebu za chuma. Mzee hakumsahihisha. Utamu kama huo haumjii mtu kila siku.

Akakohoa kiganga, akafungua kitabu katikati.

"Namwona mwanamke nahodha," akasoma. "Mabaharia wote wanamwambia atue kwenye sayari ya kijani, ina maji na hewa. Yeye anageuza usukani."

"Sayari ina kasoro gani?"

"Haina. Nzuri tu."

"Kama Bwana Faki anayeniposa," akasema Bi Mwanahija polepole. "Ana shamba, ana adabu." Akalichungulia jalada lenye picha ya merikebu inayotema moto. "Kaka, hii si falaki. Hii ni hadithi."

"Ni hadithi ya kweli. Haijatokea bado, basi."

"Mwongo wewe tangu ujana." Akavua viatu. "Soma, tujue alifika wapi."

Mzee akasoma, safari hii bila kukohoa. Walikuwa wamezipita sayari mbili waliposikia hodi mlangoni kwa Bi Mwanahija. Bi Mwanahija akaweka kidole kwenye mstari walipofikia, wasije wakapotea, akageuza uso dirishani na kuwaambia wajumbe, "Mwambieni nashukuru, lakini hapana."