Biskuti za Sevara

Oydin alijikwaruza tena, kidole kile kile, na maji ya limau yakaingia kwenye kidonda kabla hajauondoa mkono. Alifumba mdomo asije akamwamsha mkamwana wake, kisha akajikasirikia kwa kumwonea huruma. Miaka sitini na mitatu, magoti yanamuuma, na bado ni yeye aliyesimama jikoni tangu asubuhi akisugua maganda ya malimau kwenye kikwangulio.

Trei ya kwanza ilikwisha kuharibika. Biskuti za limau zinataka kutolewa motoni zingali laini, katikati zimepauka bado, na yeye alizisahau zikakauka kama vigae. Za trei ya pili zilitoka vizuri, ila kwa papara alizimwagia sukari ya unga iliyokorogwa na maji ya limau kabla hazijapoa. Sukari yote ikayeyuka ikachuruzika pembeni. Sasa alikuwa kwenye trei ya tatu, na wanawake wa mtaa wangefika saa nane mchana.

Walikutana mara moja kwa mwezi, kila mara nyumba nyingine, na kinacholiwa sharti kiwe kimetoka mikononi mwa mkamwana wa nyumba hiyo. Huko ndiko binti za watu walikopimwa. Na tangu wakati wa kuvuna pamba kipimo kilikuwa kimoja tu: biskuti za limau za Sevara, mkamwana wa jirani yao Hojar. Hojar alizileta hata asipokuwa mwenyeji, zimefunikwa kitambaa cheupe, na sahani iliondoka tupu. Sevara mwenyewe hakuja. Mara jino linamuuma, mara ana nguo za watu za kushona. Wanawake walizidi kumsifu kwa hilo, kwamba anafanya kazi na hataki kuonekana.

Oydin alichoka kulisikia jina hilo. Mkamwana wake, Mohinur, alikuwa muuguzi wa zamu za usiku. Alirudi asubuhi macho mekundu, akala wima, akalala. Mkate ulimshinda, pilau ilimshinda. Mwezi uliopita Oydin alimpigia mwanawe Sanjar, mume wa Mohinur, aliyekuwa Urusi kwenye kazi za ujenzi, akamwambia pengine huyu msichana arudi tu kwao.

"Uamuzi ni wako, mama," alisema Sanjar.

Basi Oydin akajiwekea mpaka. Leo biskuti zikimtoka salama, atamwacha Mohinur akae. Akiaibika, anampigia Sanjar simu.

Saa saba alimwamsha Mohinur. "Wakiuliza, umepika wewe. Umenisikia?"

"Mama, mimi hata sijui zinapikwaje."

"Nani kakwambia ujue? Inamisha kichwa, mimina chai, basi."

Wakaja saba. Hojar aliingia wa mwisho, safari hii mikono mitupu, vidole viwili vimefungwa kitambaa.

"Umefanyaje tena?" mmoja akamuuliza.

"Miiba ya waridi," alisema Hojar, akikung'uta theluji viatuni.

Biskuti zikazunguka. Bi Zamira, ambaye neno lake ndilo lililofuatwa na wengine, alitafuna ya kwanza, akachukua ya pili.

"Hizi zimemkaribia Sevara," alisema, na Oydin akahisi mabega yake yanashuka. "Zinamkaribia sana. Hebu njoo, mwanangu. Umetia malimau mangapi?"

Mohinur alisimama na birika mkononi. Alimtazama mama mkwe wake, kisha akaitazama mikono ya Oydin iliyochubuka.

"Sijui, bibi. Amepika mama, mimi nilikuwa nimelala. Amejichubua vidole vyote kwa ajili yangu."

Mtu akakohoa.

"Kumbe mwali mwenyewe ni Oydin," alisema Bi Zamira. "Basi tumtafutie mchumba."

Wakacheka. Oydin alicheka nao, kwa sababu angefanya nini, huku uso ukimwaka. Kisha akachukua birika kwa Mohinur, akasema anakwenda kuongeza maji.

Jikoni hakuongeza maji. Alikaa juu ya gunia la unga akatoa simu. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu, uchovu wa mtu anayetaka jambo liishe, liishe vyovyote. Alibonyeza jina la Sanjar, na simu ikaanza kuita.

Mlango ukafunguka. Hojar aliingia na sahani tupu, akaufunga nyuma yake.

"Unampigia nani?"

"Mwanangu. Mohinur kesho anarudi kwao."

"Kwa sababu ya biskuti?"

"Usinihubirie, Hojar. Wewe una Sevara, utajuaje? Mimi sina nguvu tena ya kupika kwa jina la mtu."

Hojar aliweka sahani kando, akaanza kufungua kitambaa vidoleni, polepole, mpaka kikaisha. Chini yake kulikuwa na mikwaruzo midogo iliyojipanga mistari, mipya juu ya ya zamani, sawasawa na ile ya Oydin.

"Kata simu, dada," alisema. "Sevara nilimfukuza wakati wa pamba, kwa mkate mmoja ulioungua."