Vumbi Usoni mwa Mama

"Hii ya bei ya chini, dada, itakupigia picha vumbi lenyewe, tena kwa ustadi," Anselmo mwenye duka alisema, akaisukuma kando skana ya kwanza, mashine ya kuingizia picha kwenye kompyuta.

Zulmira hakuwa na nguvu ya kucheka. Alisuka vichwa vya watu tangu asubuhi, vidole vikafa ganzi, kisha akatembea kwa miguu kutoka mtaani kwake Munhava mpaka hapo dukani.

"Na ile kubwa?"

"Ile waachie wenye mahoteli. Wewe chukua hii ya mtumba. Ina miale ya infraredi, ile isiyoonekana kwa macho. Inapenya filamu ya rangi, lakini ikikuta vumbi inakwama. Hapo mashine inajua doa liko wapi, inalifuta na kupaziba. Ila picha za nyeusi na nyeupe usiitilie, itakuvurugia."

"Zangu ni za rangi."

Akatoa slaidi moja, kipande cha filamu ndani ya fremu ndogo, akaiinua kwenye taa. Mwanamke wa gauni la njano, amesimama kando ya baiskeli. Usoni kumejaa madoa kama ndui.

"Nani huyo?"

"Mama yangu. Alikufa akinizaa."

Anselmo akapunguza bei bila kuombwa.

Miaka yote picha za mama zilikaa sandukuni kwa baba. Baba hakupenda lifunguliwe, na Zulmira hakutaka kumtonesha kidonda. Kisha kikaja kimbunga, maji yakabeba sanduku na nusu ya nyumba. Yalipopungua, akakuta kiboksi cha slaidi kimezama topeni, nyuma ya jiko. Akachomoa slaidi moja, akampelekea baba yake mbio.

"Baba, huyu ndiye mama?"

Mzee Armindo aliitazama ile slaidi kwa muda mrefu. Kisha akamtazama binti yake: tope mpaka magotini, macho mekundu.

"Ndiye," akasema.

Leo alipomwona anaingia na skana kwapani, mzee alikunja uso.

"Irudishe, mwanangu. Vumbi lina ubaya gani? Mama yako umeshamjua, inatosha."

"Sijamwona macho, baba."

"Macho yake ni haya haya yako. Mara ngapi nikwambie?"

"Basi acha niyaone."



Zulmira aliazima kompyuta ya jirani. Skana ikanguruma polepole, kana kwamba nayo imeshinda kazini. Kwanza likatakata gauni, kisha shingo, kisha shavu. Mwisho uso mzima ukamtazama, unacheka.

"Baba! Kumbe alikuwa na mwanya! Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Eh. Alikuwa nao," mzee alisema, bila kuinua kichwa.

Zulmira alilia kimya kimya, kwa furaha na kwa uchovu, asijue kipi kimezidi. Kesho yake akaenda kuichapisha picha, akaitia fremu, akaitundika juu ya kioo anaposukia wateja. Tangu siku hiyo mgongo ulimuuma vile vile, lakini akichoka huinua macho.

Jumamosi akaja mteja mgeni, bibi mwenye mvi. Mzee Armindo alikuwa mlangoni, akimenya mihogo. Zulmira alimkalisha bibi mbele ya kioo, akapasua njia ya kwanza ya nywele. Kichwa kikainuka ghafla.

"Tulia, mama, nisikuumize."

Bibi hakutulia. Alisimama, kitana kinaning'inia kichwani, akaisogelea picha. Akaligusa gauni juu ya kioo cha fremu, akaigusa baiskeli.

"Nililishona mwenyewe hili," akanong'ona. "Nikadhani maji yamezichukua zote nyumbani kwangu."

Mlangoni, kisu cha mzee kilisimama juu ya muhogo.

Bibi akageuka, machozi yanamtiririka, akamshika Zulmira mikono yote miwili.

"Mwanangu," akasema, "picha yangu ya ujana umeitoa wapi?"