Bila Inshallah

Tangu sheria iitake benki ya Kiislamu kuwasomea washirika wake taarifa ya hatari na matarajio ya biashara kwa sauti, nyumbani kwao, kila mtu alijua namna ya kuisikiliza. Benki ikiwa na shaka, huongeza inshallah. Ikishapima ikawa na hakika, huliacha neno hilo. Miaka yote Zumra na mumewe Hamdani, walioshirikiana na benki katika tanuri la mikate, waliambulia inshallah tupu: unga hautapanda bei, inshallah; wateja wataongezeka, inshallah.

Asubuhi hiyo majirani walijaa ukumbini, maana fununu za tanuri la pili zilishaenea. Zumra alikuwa hatulii, mara akaze kanga, mara apunguze feni. Kisanduku cha benki pale ukutani, ambacho ndicho husoma taarifa, kikakohoa kidogo, kama shehe anayeanza darsa.

"Tanuri la pili litawaka mwezi wa Shaabani."

Wakasubiri. Neno halikuja.

Nyumba ikalipuka vigelegele. Hamdani akamnyanyua mkewe juujuu, mikono yake imejaa unga. "Umesikia, mama Nasra? Bila inshallah!"

"Nimesikia, mume wangu. Niteremshe, watu wanaona."

Kumbe kisanduku kilikuwa hakijamaliza. Sauti yake ikapita chini ya vifijo, na Zumra, aliyeteremshwa karibu nacho, ndiye peke yake aliyeisikia.

"Litaendeshwa na Bi Zumra bila mumewe."

Akamkamata Hamdani shati kwa nguvu, akatega sikio, akalisubiri lile neno mpaka taa ya kisanduku ikazimika.