Njia ya Kurudi

Shangazi aliacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa, nusu kimesimama timtim, akavua aproni na kwenda kwenye mtihani. Mteja alilalamika. Shangazi akamwambia mwenye haraka ajisuke mwenyewe.

Sasa jeuri yote ilikuwa imemwisha. Alikuwa ameketi katika chumba cha chuo cha ufundi. Mbele yake palikuwa na betri mbili ndani ya kikebe chake, swichi, balbu ndogo na nyaya tatu zenye vibanio: mwekundu, mweusi na wa kijani. Ng'ambo ya meza alikaa mtahini, mwanamume mwembamba mwenye miwani, asiyecheka wala kununa.

Darasa la umeme lilikuwa limebakiza nafasi moja. Mara mbili karatasi ya mtihani ilikuwa imerudi nyumbani imejaa wino mwekundu, na mara zote mbili Shangazi alilala bila kula. Safari hii chuo kilikuwa na utaratibu mpya: hakuna kuandika, ni kufanya kwa mikono na kueleza kwa mdomo. Ilikuwa pia safari ya mwisho. Kaka yake alimcheka, mtu mzima mzima kukesha na betri kama mtoto, lakini nafasi ile Shangazi aliitaka kuliko kitu chochote, wala hakumjibu.

"Washa balbu," mtahini alisema. "Kisha unieleze."

Vidole vilivyozoea nywele vilihangaika na vibanio. Waya mmoja ulimponyoka, akauokota sakafuni. Hatimaye akabonyeza swichi, na balbu ikawaka.

"Umeme ni kama mtoto aliyetumwa dukani," alianza. "Asipokuwa na njia ya kurudi nyumbani, haendi. Anatoka kwenye betri upande huu, anapita kwenye balbu, anarudi kwa upande ule. Ukimkatia njia popote, hatoki hata mlangoni."

Mtahini aliinua macho. "Hiyo ya mtoto umeitoa wapi?"

"Kwa Chiriku. Binti wa kaka yangu, yule pale nje."

Dirishani alionekana msichana amekaa kwenye benchi la korido, akitafuna kucha. Walimwita Chiriku kwa sababu tangu ajue kusema hakuwahi kunyamaza. Kila jioni, mteja wa mwisho akishaondoka, ndiye aliyekaa na Shangazi saluni na kumfundisha kwa betri za redio, hadi mtu ambaye hakujua kwa nini betri ina pande mbili akaanza kuuliza maswali yake mwenyewe. Leo alikuwa kimya kama amefungwa mdomo.

Mtahini aliandika kidogo. Kisha akavuta vifaa vyote upande wake, akainama navyo chini ya meza, akavirudisha.

"Sasa haiwaki. Iwashe."

Hili Shangazi na Chiriku hawakulifanyia mazoezi. Aliunga kila kitu kama mwanzo, akabonyeza swichi. Giza. Akabonyeza tena kwa nguvu, kana kwamba swichi ilikuwa haisikii vizuri. Mtahini alitazama saa yake.

Shangazi aligeukia dirisha. Chiriku alikuwa amesimama, pua karibu na kioo, na usoni mwake ilionekana wazi kwamba ameshajua pa kuanzia. Ishara moja tu ya kidole ingetosha. Macho yao yakakutana. Chiriku akafumba yake, akageuka, akaegemeza paji la uso ukutani.

Iliuma. Mtoto aliyemlea mwenyewe, leo anampa mgongo.

Alivuta pumzi. Basi, ikiwa mtoto hatoki mlangoni, kuna mtu amekata njia. Aligusa betri: zimekaa sawasawa. Balbu: imekazwa vizuri. Akaing'oa swichi na kuiweka pembeni.

"Mbona unaitoa?" mtahini aliuliza.

"Napunguza washukiwa."

Bila swichi, nyaya mbili zilitosha. Alijaribu mwekundu na mweusi. Giza. Mweusi na wa kijani. Giza. Jasho lilimchuruzika shingoni, na mtahini alikuwa tayari ameshika kifuniko cha kalamu yake. Mwekundu na wa kijani.

Balbu ikawaka.

Shangazi aliushika waya mweusi kwa ncha za vidole viwili. "Ni huyu. Ganda zima, lakini ndani kumekatika. Hii swichi nimeisingizia bure."

"Nani alikufundisha kubadilisha mmoja mmoja?"

"Hakuna. Nilifundishwa kwamba lazima kuwe na njia ya kurudi. Nikaitafuta."

Kwa mara ya kwanza mtahini alitabasamu. Alifunga faili lake, akaenda kufungua mlango. Kule koridoni Chiriku alikuwa bado ameegemea ukuta, mabega yakimtetemeka.

Shangazi aliokota mkoba wake. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujali nani anayaona. "Naweza kwenda? Nimeacha kichwa cha mtu."

"Nenda, mama. Safari hii mwombaji tunampima kupitia mtu aliyemfundisha; wewe kazi yako ilikuwa kuelewa tu," mtahini alisema bila kugeuka, mkono ameunyosha kwa Chiriku. "Mtahiniwa wetu ni huyu aliyekufundisha, na nafasi ameipata."